Nyumba mpya mbele, waya wa mkoloni juu ya silingi

Mliniomba niweke kwa maandishi yale niliyoongea Jumamosi kwenye kikao cha mafundi na wenye nyumba, basi haya hapa, nimeandika karibu vile vile nilivyosema, na pale nilipopotea njia nimepaacha hivyo hivyo.

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi. Asanteni kwa maiki japo mi si mtu wa maiki, mi mtu wa ngazi na plaizi, nimeanza kubeba ngazi ya fundi mwaka 1983 nikiwa saidia fundi hapa hapa Dar es Salaam na mpaka leo magoti yanalalamika lakini kwenye silingi bado napanda. Nimekuja na huu mfuko wa rambo, msinichongee, ni wa tangu kabla hawajapigwa marufuku 2019, kwangu mimi hakitupwi kitu. Humu ndani kuna vipande vya waya nilivyotoa kwenye nyumba za watu miaka yote hii, ntakuwa navipitisha mvishike, msivitie mfukoni tu.

Kuna dada yangu pale nyuma ameniuliza kabla hatujaanza, anataka kununua nyumba Upanga, dalali amemwambia wayaringi ni mpya kabisa, sasa anauliza atajuaje. Dada, dalali hakukudanganya sana, na yeye kadanganywa na swichi. Anaingia, anabonyeza swichi nyeupe inang'aa, taa ya ledi inawaka, anakuonyesha mita ya LUKU pale nje, basi anasema umeona, umeme mpya huu. Huo ni wanja. Swichi inabadilishwa na bisibisi moja kwa dakika kumi, na mita si ya mwenye nyumba, ni ya TANESCO, LUKU zimeanza kufungwa miaka ya tisini na nyumba ya mwaka wowote inafungiwa tu. Nimeshakuta LUKU nzuri kabisa inalisha waya ambao aliyeufunga alikuwa anamwita bosi wake bwana mkubwa.

Kwa hiyo swali la wayaringi ina miaka mingapi mi naligeuza kidogo. Nyumba ya zamani haina umri mmoja. Sebuleni miaka mitano, chumbani thelathini, stoo na choo cha nyuma sabini. Unachotafuta ni kipande kikongwe kuliko vyote ambacho bado kina umeme, hicho ndo umri wa wayaringi yako, maana hicho ndo kitakachoanza kuungua. Usipige wastani, hapa hatutafuti divisheni.

Na kabla ya kushika chochote mnajua, meni swichi chini, testa mkononi, na ile testa ya kitaa ya balbu ndogo usiiamini peke yake, ijaribu kwanza kwenye kitu unachojua kina moto halafu ndo uje kwenye kile unachotaka kushika, ukimaliza rudi tena uijaribu. Haya tuendelee.

Mji wetu huu umeme ulianza na Wajerumani mwaka 1908, ulikuwa wa karakana za reli na ile sehemu waliyokaa wao wenyewe. Mwaka 1931 Waingereza wakaukabidhi kwa kampuni, mikoani TANESCO na hapa Dar DARESCO, halafu serikali ikaja kununua hisa 1964, na 1968 lile neno Tanganyika kwenye jina la TANESCO likawa Tanzania. Kwa nini nawasimulia haya, kwa sababu ukikuta kibati au karatasi kuukuu imebaki nyuma ya ubao wa mita ina jina DARESCO au Tanganyika, hapo una mwaka mkononi bila kufungua hata screw moja. Si mara nyingi, ila nimeshakuta. Ya Mjerumani sijawahi kukuta hata kipande, kwa hiyo hiyo tuiache, cha kwetu sisi ni waya wa Mwingereza, na vitabu vyake na rangi zake na inchi zake.

Mi nyumba za hapa mjini nazisoma kwa tabaka nne, ni majina yangu tu ya kazini msije mkaniambia hayapo kwenye silabasi. Kuna waya wa mkoloni. Kuna waya wa wakati wa uhuru, zile ghorofa za Upanga na Kisutu na Kariakoo zilizojengwa miaka ya hamsini na sitini, nyingi zikataifishwa 1971. Halafu kuna waya wa uhaba, na huu ndo wangu kwa sababu ndo nimejifunzia kazi, 1983 tuko kwenye uhujumu uchumi, dukani hakuna kitu, sabuni yenyewe unapanga foleni sembuse waya wa mita hamsini, kwa hiyo fundi anaungia na anachokipata, unatoa waya chumba cha watoto unapeleka sebuleni, unaunga vipande vitatu kupata kimoja, nimeona kwa macho yangu taa imeungwa kwa waya wa simu. Halafu mzee Mwinyi akaingia 1985, ikaja ruksa, waya ukajaa, mzuri na wa ovyo kwa pamoja. Nyumba moja inaweza kuwa na zote nne kwenye paipu moja, ukivuta upande huu anatoka mkoloni, upande wa pili anatoka ruksa, katikati wamefungwa tepu ya kitambaa.

Sasa tuje kwenye rangi, maana najua vijana ndo mnakokimbilia. Rangi kwetu hapa inadanganya. Uingereza wao walibadilisha rangi za waya wa ukutani mwaka 2004, wakaacha nyekundu na nyeusi wakaingia kahawia na bluu, wakapeana mpaka mwisho wa Machi 2006 ya zamani iachwe kabisa. Waya wa pasi na redio wao ulikuwa umeshabadilika zamani, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Sa fundi wa kule akikuta nyekundu na nyeusi ukutani anasema tu hii ni kabla ya 2006, kamaliza. We hapa ukisema hivyo umepotea, nenda Kariakoo uone, nyekundu nyeusi kijani inauzwa kwa rola, imetoka kiwandani juzi. Kwa hiyo kahawia na bluu ukutani inakwambia kitu, kwamba huu si wa zamani. Nyekundu na nyeusi haikwambii chochote.

Hii iwekeni akilini maana inatumika kwa kila kitu ntakachosema. Kitu kipya kinakupa mwaka wa kuanzia, kazi haiwezi kuwa imefanyika kabla hicho kitu hakijatengenezwa. Kitu cha zamani hakikupi mwaka wa mwisho, kwa sababu kiliendelea kuuzwa, au kilikaa stoo, au kimetolewa nyumba nyingine. Soketi za pini za mviringo mnazijua, zile za ampia 5 na 15, wengine mnaona kwa bibi mkasema eeh hii ya kabla ya vita. Wapi. Soketi ya pini bapa hii tunayotumia leo ya ampia 13 ilitoka Uingereza mwaka 1947, kwa hiyo ukikuta bapa ni ya orijino unajua nyumba ni 1947 kuja huku, sawa, lakini mviringo imeendelea kufungwa miaka na miaka baada ya hapo, haikwambii kitu mpaka ufungue uone imefungwa na waya gani.

Na waya ndo huo sasa. Pokeeni hiki kipande cha kwanza, mpitishe taratibu, USIKIKUNJE, nimesema usikikunje, basi, kaka pale mbele ameshakikunja. Angalieni mkononi mwake. Mnaona ule ungaunga mweusi? Huo ulikuwa mpira, raba, ndo ngozi ya waya kabla ya hii plastiki yetu. Juu yake kulikuwa na kitambaa cha kusuka kilichopakwa kama lami, mwingine unakuta umevalishwa ngozi ya risasi badala ya kitambaa. Raba ikiwa mpya ni nzuri mno, laini, inakunjika. Ikikaa na joto na hewa inakauka, inapasuka kama udongo wa kiangazi, halafu inamwagika ukiigusa. Watu wanasema miaka 25 au 30 ndo maisha yake. Hicho mlichoshika kimetoka kwenye nyumba iliyokuwa inakaa watu, na taa ilikuwa inawaka, sikuikuta imezimwa.

Na sikilizeni hii maana wengi wanakosea hapa. Fundi anafungua kule chini kwenye meni swichi, anakuta raba bado ni laini, anasema huu waya mzima. Si kweli. Mwisho wa waya unaochakaa kwanza ni ule wa holda ya taa, kwa sababu balbu zile za wati 60 na 100 zilikuwa zinaipika kila usiku miaka yote. Ndani ya paipu ambako hakuna joto wala hewa unaweza kuvuta raba ikatoka kama jana. Kwa hiyo ukitaka kujua waya ni wa lini angalia popote, ila ukitaka kujua umechoka kiasi gani panda kwenye holda, tena ile ya chumba kinachowashwa taa sana, jikoni, au barazani inakowaka usiku kucha.

Kipande cha pili hiki na cha tatu hiki, shikeni vyote viwili. Hapa ndo napapenda kuliko sehemu zote. Chukua kisu, kwarua nyuzi za shaba taratibu. Hiki cha kwanza nje ni cheupe kama fedha, ukikwarua ndani nyekundu. Hicho kingine nje chekundu, kinang'aa, kopa nzuri kabisa, ukikwarua ndani cheupe. Nani anajua kwa nini? Hakuna? Haya. Huyu wa kwanza ni waya wa raba wa mkoloni. Raba ilikuwa inapikwa na salfa ili iwe ngumu, na salfa inaila shaba, kwa hiyo ilibidi shaba ipakwe bati kwanza ndo ivishwe raba. Ndo maana nje nyeupe. Plastiki ilivyokuja haina salfa, kupaka bati nyumba za kawaida wakaacha. Kwa hiyo hata kama raba yote imeshamwagika, au kuna kishoka, fundi wa uchochoroni, amekuja akaivua akavalisha tepu ya plastiki mpya ili aonekane amefanya kazi, we ukikwarua ukakuta bati juu ya shaba umeshamjua mzee huyu.

Huyu wa pili ni wa juzi, ni alumini iliyopakwa kopa, feki, inauzwa kama kopa kamili. Nauita mjukuu asiye na adabu. Wanaokata skrepa wanaujua kuliko sisi, anapima kwa mkono tu, mwepesi, anakwambia mzee huu sinunui bei ya kopa. Kwa hiyo na nyinyi msije mkasema cheupe ndani basi ni wa zamani, mkachanganya babu na mjukuu. Cheupe nje chekundu ndani, babu. Chekundu nje cheupe ndani, mjukuu, na mjukuu anaweza kuchoma nyumba mapema kuliko babu.

Sa plastiki, PVC, ilianza kuingia kwenye nyumba miaka ya hamsini na ikaimaliza raba miaka ya sitini. Kwa hiyo ukikuta PVC unasema aa huu wa kisasa. Ngoja kwanza, hesabu nyuzi. Mwingereza alikuwa anapima waya kwa inchi, anakwambia 3/.029, yani nyuzi tatu kila uzi unene wake inchi 0.029, na 7/.029 nyuzi saba za unene huo huo. Inchi 0.029 ni kama milimita 0.74. Huo wa nyuzi tatu ndo ulikuwa waya wa taa, huo wa saba ndo wa soketi. Mwishoni mwa miaka ya sitini kuingia sabini wakahamia milimita, ndo hizi mnazozijua 1.5 na 2.5. Waya wa 2.5 wa nyuzi saba kila uzi ni milimita 0.67, wa 1.5 kila uzi ni 0.53. Kwa jicho huoni tofauti, mi mwenyewe sioni tena hata kwa miwani, lakini vania, kile kipimo cha unene cha fundi mchundo, inaona, ukipata 0.74 huyo ni wa inchi. Na nyuzi tatu huhitaji hata vania, waya wa ukutani wa nyuzi tatu hizi za leo haupo, ukivua ukakuta tatu umemaliza.

Kwa hiyo mnaona inavyokuja, unaangalia ngozi na unaangalia nyuzi. Raba na nyuzi tatu zenye bati, mkoloni. PVC lakini nyuzi tatu au saba za inchi, huyu ni wa miaka ya hamsini katikati mpaka kama 1970, na ghorofa nyingi za Upanga ziko hapa. PVC na milimita, sabini kuja huku, na kuanzia hapo unasoma maandishi kwenye ngozi ya waya. Someni maandishi jamani. Futa vumbi na kitambaa kikavu, tembeza tochi ya simu kwa ubavu usimulike moja kwa moja, herufi zinatokea. Ukiona BICC, kampuni hiyo ya Kiingereza ilipata jina hilo mwaka 1945 ilipoungana, basi haiwezi kuwa kabla. Ukiona East African Cables, kiwanda cha Nairobi, hiyo ni ya 1965 kwa mwaka wa mwanzo.

PVC nayo inazeeka msije mkaiabudu. Kuna ile ya miaka ya sitini na sabini mwanzoni unafungua swichi unakuta uteute wa kijani unatiririka, unanata kama asali, mwenye nyumba mmoja aliniita anadhani ni sumu amewekewa. Si uchawi mama, ni mafuta ya kulainishia plastiki yanatoka, yakipita kwenye shaba yanakuwa kijani. Usiyashike ukaenda kula, futa, ngozi ya waya yenyewe hapo inaanza kuwa ngumu.

Fyuzi nipite haraka. Zile za kauri za kuingizia waya, mnazijua, zimefungwa mpaka miaka ya karibuni kwa hiyo hazisemi sana. Ila fungua meni swichi ya chuma uhesabu. Kama kila sakiti ina fyuzi mbili, moja ya laivu, waya unaoleta umeme, na moja ya nyutro, unaourudisha, umekutana na utaratibu wa zamani sana ambao Waingereza wenyewe waliuacha. Na huu unaua. Fyuzi ya nyutro ikikatika taa inazima, we unasema umeme hakuna, unashika holda, kumbe laivu bado imekaa pale inakusubiri. Ukikuta fyuzi mbili mbili usiamini kwamba kuzima kwa taa ni kuzima kwa umeme.

Erthi sasa, ile njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, na hapa kwetu pwani pana habari yake. Kwanza taa za zamani hazina erthi kabisa, kule Uingereza ilikuja kulazimishwa kwenye sakiti za taa mwaka 1966, kwa hiyo ukifungua silingi rozi, kile kikombe cha silingi unakoning'inia waya wa taa, ukakuta waya mbili tu huna wa tatu, hiyo ni dalili nzuri ya uzee japo si ushahidi, maana kuna mafundi wa mwaka jana nao wanabana waya wa tatu wakale chenji. Halafu soketi. Unakuta soketi ya pini tatu, unafungua, hakuna waya wa kijani. Unasema fundi alikuwa mjinga. Hapana, fundi yule alikuwa anajua kuliko wewe, erthi yake ni lile paipu la chuma lenyewe, kondwiti, lilikuwa limeshonwa kwa nati kutoka soketi mpaka meni swichi na lilikuwa linafanya kazi vizuri. Sa tukae hapa Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, chumvi ya bahari miaka sitini ndani ya lipu. Paipu limeoza kwenye maungio. Ukiliangalia limekaa pale, ukilipima halifiki popote. Nilipasua ukuta nyumba moja karibu na Ocean Road nikakuta kondwiti imebaki kutu tupu, lipu limeshika umbo lake kama ganda la konokono, ndani waya umepita kwenye tundu la udongo.

Na nyingine inayofanana na hiyo, erthi ilikuwa inafungwa kwenye bomba la maji. Wakati huo mabomba ya chuma mpaka barabarani, erthi safi. Leo bomba limebadilishwa plastiki, erthi ya nyumba imeishia kwenye koki ya bustani. Mwenye nyumba alibadilisha maji, hakujua kama amebadilisha na umeme.

Nimeahidi nisizidishe muda lakini hii lazima niseme. Miaka kama kumi na mbili iliyopita niliitwa kwenye ghorofa moja, taa za ngazi zinapepesa. Umeme wa fezi tatu, yani laivu tatu na nyutro moja. Alikuja fundi kabla yangu, kijana mzuri, kasoma, akafungua boksi akakuta nyekundu, njano, bluu, nyeusi. Yeye kasomea rangi mpya. Kwenye rangi mpya bluu ni nyutro. Kwenye rangi za zamani bluu ni fezi ya tatu na nyutro ni nyeusi, na ukirudi kwenye mpya nyeusi ndo fezi. Yani hizo mbili zimebadilishana viti. Akafunga taa mpya kati ya nyekundu na bluu, laivu na nyutro kwa akili yake, akarusha meni, ile si volti 230, ni 400. Taa zote za ngazi zikapasuka kwa mpigo kama fataki za Idi. Hakufa mtu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini anatetemeka mikono, nikampa maji, nikamwonyesha ile tepu ya kitambaa kwenye maungio ya nyuma, nikamwambia ungeangalia hii kwanza ungejua uko mwaka gani, na ukijua uko mwaka gani unajua bluu ni nani. Leo ana leseni yake ya EWURA na ananiita mimi kwenye kazi zake.

Sa dada wa Upanga nakurudia. Ukienda kuangalia nyumba nenda na fundi, si fundi maiko anayejua mabomba na friji na umeme na masofa, fundi mwenye leseni. Mwambie asianze sebuleni. Sebule ndo inakopakwa rangi na kubadilishiwa swichi. Aende stoo, choo cha nje, ngazi, chumba cha msichana wa kazi, juu ya silingi karibu na tangi, sehemu ambazo hakuna aliyewahi kutaka kuzipendezesha. Afungue pointi tatu nne tu. Swichi moja ikiwa imekaa juu ya kibao cha mbao cha mduara, hata kama swichi yenyewe ni mpya, angalia nyuma ya kile kibao. Halafu apige mega, kile kipimo cha kuona kama ngozi ya waya inavujisha umeme, volti 500, vyombo vyote vimechomolewa na balbu zimetolewa, ikisoma chini ya megaomu moja msibishane na dalali tena, toeni gharama ya kubadilisha kwenye bei.

Na funika la ndani la meni swichi, lile la chuma, ligeuze. Wazee walikuwa na tabia ya kuandika kwa penseli, jina, tarehe, wakati mwingine na deni. Nimekuta moja Kisutu imeandikwa tarehe ya mwaka 1957 na chini yake imeandikwa bado shilingi 40.

Muda umeisha, swali moja tu, wewe kijana wa kofia. Anauliza, mzee ukishakuta raba na ni jioni na watu wanalala humo, unafanyaje? Zima sakiti ile, toa fyuzi yake uondoke nayo mfukoni, maana ukiiacha watairudisha. Usianze kuivuta usiku huo, usiifunge tepu, ukiigusa ndo unaimaliza, na wao walale na taa ya kuchaji. Asubuhi ukija, kama paipu halijaoza, waya wa zamani usiukate, funga mpya kwenye mkia wake uvute, babu mwenyewe anamwonyesha mgeni njia. Kama paipu limeoza ndo uanze kuongea na mwenye nyumba habari ya kuchimba ukuta, na hapo jipange maana maneno yatakuwa mengi.

Haya, nahesabu vipande vyangu. Viwili vimerudi. Kile cha raba kiko wapi? Kaka pale mbele, hata kama kimebaki nyuzi tupu naomba, nyuzi zenyewe ndo nazozitaka, na unawe mikono kabla hujashika hiyo maandazi.